Chumba cha tofali mbichi Dodoma: fyatua mwezi wa tano, na saruji iache dukani

Mbukwenyi wandugu. Nianze na kalenda maana hapo ndo wengi tunafeli kabla hata ya kushika jembe. Dodoma mvua yetu ni msimu mmoja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba inakata Aprili, jumla yake kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, basi. Sa mtu akisikia hivyo anaona muda upo, anasema ntafyatua Septemba nikishauza alizeti. Septemba ikifika bwawa limebaki tope, dumu la maji linanunuliwa, udongo umekauka sururu inaruka kama imegonga jiwe, na tofali zenyewe zinataka karibu mwezi kukauka, kwahiyo anapandisha ukuta Novemba na mawingu hayo juu ya kichwa. Na mvua ya kwanza ya huku mnaijua, dakika 20 tu lakini inapiga kama ina kisasi na mtu.

Mi siku hizi nafyatua Mei, ardhi bado laini na maji bado yapo makorongoni. Juni zinakauka, Julai na Agosti najenga, Septemba bati, Oktoba nasiriba. Ukibanwa na hela bora uahirishe mwaka mzima kuliko kuanza Septemba.

Nasema hivi kwa sababu nishaharibu. Stoo yangu ya kwanza, kijijini kwa mke wangu upande wa Mvumi, niliijenga kwa udongo ambao sikuupima, afu nikaona aibu ionekane ya udongo, nikaweka fundi akapiga lipu ya saruji nje nzima. Ilipendeza kweli, nikapiga picha nikawatumia watu. Masika ya pili ukigonga ukuta unasikia kama unagonga debe tupu. Machi likashuka bamba zima upande wa magharibi, kubwa kama mlango, na nyuma yake udongo ulikuwa umelowa uji kabisa. Kilichotokea ni hivi: udongo unavimba na kusinyaa kidogo kila majira, saruji haifuati, inapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia kwenye ule ufa lakini kutoka hayawezi maana lipu imeziba. Ukuta wa udongo ukilowa juu juu na kukauka hauna shida, ukilowa ndani ukafungiwa unaoza. Mama mkwe alikuja akaangalia, akasema taratibu, "Baba, uliivalisha koti la mpira, ingepumuaje?" Nikanyamaza.

Kwahiyo haya yote nayoandika hapa ni ya chumba cha pili, ambacho kimesimama.

Kwanza udongo. Huku kwetu kuna aina tatu nne utakutana nazo. Udongo mwekundu wa miinuko, huo mara nyingi ndo wenyewe. Udongo mweusi wa mbuga, huo achana nao kabisa, iwe kwa tofali iwe kujenga juu yake, masika unavimba na kiangazi unapasuka nyufa mguu unaingia. Udongo wa kichuguu, mtamu sana maana mchwa wanaupandisha kutoka chini ukiwa laini na unanata, ila peke yake unanata mno, lazima uuchanganye na mchanga wa korongo, na chukua kichuguu kilichokufa, usiende kugombana na mchwa wazima ukawaleta nyumbani mwenyewe. Afu kuna sehemu udongo una magadi, utaona kiangazi ardhi imetoka weupe juu kama imenyunyiziwa unga. Huo hata uwe unanata vipi usiutumie, chumvi itakula ukuta chini kidogo kidogo mpaka ubaki umechongeka kiuno. Maji nayo angalia, visima vingine huku ni vya chumvi, ukiyaonja utajua.

Chimba chini ya ule wa juu wenye majani na mizizi, sentimita 30 hadi 50, ndo uchukue sampuli. Kipimo cha kwanza ni cha chupa. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata shingo kidogo, jaza udongo theluthi moja, ongeza maji karibu ijae na chumvi kijiko kimoja (hii ya jikoni kwenye kipimo haina shida, inasaidia udongo kutulia haraka), tikisa hasa, iweke chini iache mpaka kesho. Mchanga utashuka kwanza, juu yake vumbi laini, juu kabisa ule mfinyanzi unaonata. Ukikuta mchanga ni zaidi ya nusu na mfinyanzi ni kama robo hivi au pungufu kidogo, uko vizuri.

Kipimo cha pili mi ndo nakiamini zaidi, maana mama mkwe alikifanya mbele yangu bila chupa wala rula. Alichota konzi moja, akailowesha kwa maji ya kwenye kopo, akaikanda mpaka haigandi kiganjani, akasokota mkia mnene kama kidole gumba, akauweka kwenye ukingo wa kinu akawa anausukuma nje pole pole. Udongo wa kwanza ulikatika haujafika hata urefu wa vidole viwili, akautupa, "mchanga mtupu huu". Wa pili, wa kule mbugani, ulining'inia mrefu kama ulimi wa ng'ombe, haukatiki, akacheka, akasema huu unakubembeleza sasa hivi, kiangazi utakugeuka. Wa tatu ulikatika kwenye kama sentimita 10, akachukua chembe akaing'ata kwa meno ya mbele, akaniambia nisikilize. Unasikia kweli, mchanga unalia krrr kidogo lakini ulimi unaona ulaini. Huo ndo tuliochimba. Baadae nikapima kwa rula nyumbani, ukikatika kati ya sentimita 5 na 15 ni udongo wa kujengea. Chini ya hapo ongeza mfinyanzi wa kichuguu, juu ya hapo ongeza mchanga.

Usiishie hapo, fyatua tofali 5 za majaribio kwa mchanganyiko tofauti tofauti, ziache wiki mbili. Yenye nyufa kubwa inataka mchanga na majani zaidi, inayomomonyoka ukiipangusa kwa kidole inataka mfinyanzi.

Hesabu sasa, maana watu wanajenga kwa kukisia. Kalibu yangu (fremu ya kufyatulia) ni ya mbao, ndani sentimita 30 kwa 15 kwa 10, tofali moja kavu ni karibu kilo 8, mtu anabeba mbili bila kulalamika. Chumba cha ndani mita 3 kwa 3.5, ukuta unene wa sentimita 30 (yaani tofali linalala kwa kukatiza ukuta), urefu mita 2.4. Kwanini 30? Kwa tofali mbichi urefu wa ukuta usizidi mara 8 ya unene wake, na 30 mara 8 ni hiyo mita 2.4. Watu wanajenga ukuta wa 15 kubana tofali, upepo wa Agosti wa huku unausukuma mpaka unaona unacheza. Ukitoa mlango na madirisha mawili zinaenda kama tofali 1,600, weka 150 za kuvunjika, na ongeza kama 100 za nusu upana, 30 kwa 7.5, za kupishanisha viungo pembeni na kwenye mlango. Udongo kama kyubiki mita 10 ukijumlisha wa kujengea. Maji lita 3,500 hivi kwa kufyatua tu, yaani madumu 175 ya lita 20. Soma tena hiyo namba afu urudi kwenye kalenda yangu ya mwezi wa tano.

Kuchanganya, chimba shimo pana la kina cha goti, mwaga udongo, mwagia maji, lala. Usiku mzima udongo unakunywa, mabonge yanalainika yenyewe. Asubuhi ndo mnaingia kwa miguu, mnaukanyaga huku mnamwaga majani makavu yaliyokatwakatwa urefu wa kidole, au pumba za mtama, au majani ya mpunga ukiwa karibu na Bahi. Majani hayafanyi tofali kuwa ngumu kama watu wanavyodhani, kazi yake ni kulishikilia lisipasuke likikauka. Usimwage maji mengi ili iwe rahisi kukanyaga, wengi wanafanya hivyo, tofali la uji likikauka linasinyaa na kupinda. Tope liwe zito, ukichomoa mguu linakuvuta.

Lowesha kalibu, ikung'utie mchanga kidogo, chukua bonge moja kubwa linalojaza kalibu nzima ulitupe kwa nguvu, usijaze vipande vipande maana hapo vitaachana, gandamiza pembe kwa ngumi, pangusa juu kwa ubao, inua. Sisi tulikuwa watatu, mmoja anakanyaga, mmoja anabeba, mmoja anafyatua, siku nzuri tunafika 180. Siku ya kwanza 70, na mgongo haukuwa wangu.

Halafu hapa pa kukausha, Dodoma ni tofauti na kwingine. Jua si tatizo peke yake, upepo. Unakausha tofali juu wakati ndani bado mbichi, linapasuka. Kwahiyo siku 3 za kwanza zifunike na majani au matawi yenye majani, siku ya 4 zisimamishe kwa ubavu, wiki moja baadae zipange kama tanuru lakini uache nafasi upepo upite katikati, na juu uweke majani au bati chakavu. Wiki 3 hadi 4. Kuzijaribu, vunja moja, ndani iwe rangi ile ile ya nje, ukikuta kiini cheusi cheusi bado. Afu chukua nyingine uiweke juu ya mbili nyingine kama daraja, panda katikati usimame. Mi nina kilo 82. Likikubeba wewe mtu mzima litabeba ukuta.

Sijasema kuzichoma, makusudi. Tanuru linakula kuni na miti yetu huku si ya kuchezea, Kondoa mashamba yalishakuwa makorongo mpaka serikali ikaanzisha ule mradi wa hifadhi ardhi, HADO, mwaka 1973. Tofali mbichi ukilinda na maji halihitaji moto.

Na kulinda na maji maana yake msingi na paa. Chimba mpaka ukute ardhi ngumu, kwangu ilikuwa sentimita 60, panga mawe, huku mawe ya granaiti yamejaa kila kilima sidhani kama una kisingizio. Saruji kama unayo ndo uitumie hapa kwenye mawe, si kwenye ukuta. Mawe yapande juu ya ardhi sentimita 40, maana mvua ikidondoka kutoka kwenye bati inaruka na kurushia matope ukutani, na inafika urefu huo kabisa, angalia nyumba yoyote ya zamani kijijini utaona imeliwa pale pale. Juu ya mawe tandika nailoni nzito ndo uanze kozi (mstari wa tofali) ya kwanza.

Kujenga kwenyewe fundi yeyote anajua ila mwambie haya. Tope la kujengea ni udongo ule ule uliochekechwa, si saruji. Kila tofali lichovye kwenye maji sekunde moja kabla ya kulilaza, kavu linanyonya maji ya tope na haligandi. Kozi 5 kwa siku, asizidi, hata kama anadai posho ya siku, ukuta mbichi ukibebeshwa sana unatepeta. Mlango na dirisha vikae mbali na kona angalau sentimita 60, dirisha lisizidi mita 1.2 upana. Boriti za juu ya mlango zipakwe oili chafu mara mbili kwa sababu ya mchwa na ziingie ukutani sentimita 30 kila upande. Juu ya ukuta wote zungusha mkanda wa mbao uliofungwa vizuri kwenye kona, au lenta (mkanda wa zege) kama una uwezo, tuko kwenye bonde la ufa na ardhi inatikisika mara moja moja, ukuta wa udongo bila mkanda kila upande unaenda njia yake. Na kitu ambacho fundi wangu alitaka kuruka: ukibakiza kozi 5 kufika juu, lalia waya mnene ndani ya ukuta, uache ncha zimening'inia, baadae ndo zinafunga kenchi. Bila hivyo bati ni tiara.

Bati litokeze nje sentimita 60 pande zote, usibanie. Kwa chumba hiki paa linakuwa kama mita za mraba 25, kwa mvua yetu ukiweka mfereji unakinga zaidi ya lita 11,000 kwa msimu hata ukitoa yanayopotea. Ndo maji ya tofali za chumba kinachofuata.

Kuna mtu ataniuliza, sa mbona tembe, ile nyumba yetu ya asili yenye paa la udongo, halikuwa na bati wala kutokeza na lilidumu? Swali zuri. Tembe la Wagogo na Warangi lilikuwa na akili yake. Ukuta haubebi paa, paa linabebwa na nguzo zenye panda zilizochimbiwa, mpingo na miti mingine migumu, juu yake boriti, fito, majani, afu udongo uliokanyagwa. Ukuta ukilowa ukaanguka kipande unakandika tu, paa liko pale pale. Na kwa sababu lilikuwa fupi, mrefu anainama, mvua ilipata ukuta mdogo wa kupiga, na kila mwaka watu walikuwa wanapanda juu kabla ya masika kuongeza udongo. Mchana wa Novemba kule nje unaungua, ndani kama mtungini, na Julai usiku baridi inakupita nje. Lilianza kupungua kwa kasi watu walipohamishiwa vijijini, Operesheni Dodoma ya 1971 na zilizofuata, ikawa nyumba bora ni ya bati na tofali. Ukitaka kujenga tembe leo nakuunga mkono ila ile miti utaitoa wapi, hilo ndo swali, na tembe lilikuwa na papasi. Homa ya papasi huku si hadithi, wadudu wale wanajificha mchana kwenye nyufa za ukuta na sakafu, usiku wanatoka kung'ata waliolala chini. Ndo maana nasema kusiriba si urembo. Ufa ni mlango wa papasi.

Kusiriba sasa. Ukuta uache mwezi mzima baada ya kuezeka, utulie. Wakati huo andaa lipu: sehemu moja ya udongo uliochekechwa, mbili za mchanga, moja ya mavi ya ng'ombe mabichi, majani laini yaliyokatwa, maji, funika kwenye pipa wiki nzima. Itanuka. Itanuka kweli, majirani watauliza, ila ikishakauka ukutani harufu yote inaisha na ndo imekuwa kama gundi. Usipake nyumba nzima, paka viraka vinne vyenye mchanga tofauti, kila kimoja upana wa sinia, subiri siku 4, kisichopasuka na kisichotoa vumbi ukipitisha kiganja ndo chako.

Kwangua ukuta, urushie maji, koti la kwanza lisukume kwa sehemu ya chini ya kiganja si kwa vidole, liwe nene kama sentimita 1 na nusu, ulichore chore na kijiti likiwa bichi ili la pili lishike. La pili jembamba, udongo laini na majivu. Mama mkwe na wenzake wawili walimaliza chumba chote kwa siku mbili na nusu, mimi nilipewa kazi ya kubeba ndoo maana kipande nilichopaka mimi walikibandua. Mwisho alichukua jiwe la mtoni, laini, akawa anasugua ukuta kwa mizunguko midogo wakati haujakauka sana, ukawa unang'aa kama kibuyu cha zamani. Ndani tukapaka udongo mweupe, taa moja inatosha chumba kizima.

Haya machache nisiyasahau. Ukiwa kwenye kiwanja kilichopimwa mjini nenda kaulize kibali kwanza, usije ukabomolewa ukanilaumu. Ukitaka kitu cha katikati kuna tofali za kufungamana, udongo na saruji kidogo zinagandamizwa kwa mashine ya mkono, NHBRA (wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi) wamezihimiza siku nyingi, ni nzuri, hazichomwi, ila ni hela nyingine na lazima uzimwagilie zikomae, kwahiyo hesabu ya maji inapanda. Na bomba la maji usilipitishe ndani ya ukuta wa udongo hata fundi akuapie.

Kila Oktoba zunguka nyumba na ndoo ya lipu, ziba nyufa, angalia kona na chini ya madirisha, nusu siku imeisha. Ndo maana nilipomaliza kujenga sikumwaga udongo uliobaki, nimeweka toroli tano pembeni zimefunikwa turubai, na tofali 40 chini ya uvungu wa kichanja. Udongo wa shimo lile lile ndo unashika bila kuonesha kiraka, nilijaribu mwaka mmoja kuchota wa njiani karibu na kwa jirani, mpaka leo kuna doa jekundu pembeni ya mlango na mke wangu kila mgeni akija anamwonesha.